Miezi tisa na faiba ya chuo Mbeya: nyota tano kwa uzi wa kioo, mbili kwa waya wa ukutani

Nianze na boksi la parachichi.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilipeleka diski yangu kwenye ofisi ya mabasi hapa Mbeya. Niliiviringisha kwenye kipande cha kitenge, nikaitia kwenye boksi, nikaandika kwa kalamu nene jina la msimamizi wangu wa utafiti na neno MOROGORO. Ndani ya diski kulikuwa na picha za droni gigabaiti 180: mashamba ya viazi mviringo ya Kikondo, yamepigwa kutoka juu mara nne, wiki kwa wiki, tuone ugonjwa wa bakajani chelewa unaanzia kona gani ya shamba na unatembea kuelekea wapi. Karani akauliza, "Dada, humu kuna nini?" Nikasema viazi. Hakucheka.

Basi liliondoka saa 12 asubuhi. Jioni msimamizi wangu akapiga simu kusema amepokea mzigo, ila ni parachichi. Mazuri, yameiva, anashukuru, lakini picha ziko wapi? Picha zilikuwa zimepitiliza Dar es Salaam, kwa mtu ambaye muda huo alikuwa ameshika diski mkononi akingojea parachichi zake. Zilirudi Morogoro siku ya nne.

Kwa nini sikuzituma kwa mtandao? Kwa sababu nilikuwa nimepiga hesabu. Simu yangu, siku nzuri, inapakia kwa megabiti mbili hivi kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gigabaiti 180 kwa mwendo huo ni saa 200, siku nane na zaidi usiku na mchana, bila kukatika hata mara moja, na bando juu yangu. Basi lilikuwa na kasi kuliko simu yangu hata baada ya kuzunguka Dar na kurudi. Na mtandao wa chuo? Huo nilikuwa naujua kama wanafunzi wote wanavyoujua: waifai ya kusomea ujumbe wa WhatsApp ukiwa umesimama karibu na dirisha la maktaba, mguu mmoja nje.

Chuo chenyewe sitakitaja. Huko mbele nitakisema vibaya kidogo, na bado sijahitimu.

Baada ya mkasa wa parachichi msimamizi akaniambia, kwa ule upole wa watu waliochoka, "Binti yangu, hicho chuo chenu kina faiba. Mnaifanyia nini?" Nikaanza kuuliza. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha taarifa kwa mwanga, hilo nililijua. Kumbe mtandao wa vyuo si intaneti ileile ya mtaani iliyobandikwa jina la chuo. Nchi nyingi zina chombo kinachoviunganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Kwetu ni TERNET, Kenya wana KENET tangu 1999. Vyuo vinajikusanya, vinanunua uwezo kwa jumla kama akina mama wa soko la Mwanjelwa wanaochangiana kukodi fuso moja la mzigo, kisha kila mmoja anachukua fungu lake. Juu ya vyombo hivyo vya nchi kuna UbuntuNet Alliance, yenye makao Lilongwe, inayounganisha mitandao ya vyuo ya mashariki na kusini mwa Afrika. Mradi wa AfricaConnect, ulioanza 2011 kwa fedha za Umoja wa Ulaya pamoja na michango ya nchi zenyewe, ndio uliosukuma kuunganisha mitandao hiyo na ule wa Ulaya unaoitwa GÉANT. Kwa hiyo picha ya kiazi changu ikienda kwa mtafiti mwenzangu Uholanzi, inaweza kutoka chuo hadi chuo kwa njia iliyojengwa kwa kazi hiyo hasa, haigombani sana na watu wanaotazama tamthilia.

Kwenye karatasi, mambo matamu. Nikaenda maabara, nikachomeka waya wa ukutani kwenye laptopu, nikaanza kupakia.

Megabiti sita.

Nilitoka nimenuna, nikapita kantini, nikamsalimia mama wa chai, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, nani kakufia?" Nikamwambia faiba. Kwenye meza ya jirani alikuwepo fundi wetu wa mtandao, kijana mpole, anakunywa chai ya maziwa na viazi vya kukaanga. Akaguna. "Dada, unalaumu mto, kumbe bomba la kwako ndilo limeziba. Njoo jioni, nikuonyeshe."

Chumba cha seva ni kidogo kuliko stoo ya nyumbani kwetu Tukuyu, na kina baridi ya makusudi juu ya baridi ya Mbeya. Faiba inaingia kwenye kona, uzi wa njano mwembamba kama tambi, umezungushwa kwa upole. Nilikuwa nategemea kitu kinene, chenye heshima. Fundi akasema ule unene ninaouona ni koti tu. Kioo chenyewe ni chembamba sana, na kile kiini ambamo mwanga unapita kina upana wa mikromita tisa hivi. Unywele wangu ni mnene mara saba au nane zaidi. Nikainama nichungulie, akanivuta bega. Mwanga huo hauonekani kwa macho lakini jicho linaumia. Kosa la kwanza la kila mgeni, alisema.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike. Mwanga kwenye kioo hiki unafifia kiasi kwamba baada ya kilomita kama 15 umebaki nusu. Kilomita 15 ni kutoka katikati ya Mbeya mpaka kuipita Mbalizi kidogo. Nusu! Fikiria kioo cha dirisha chenye unene wa safari ya kwenda Mbalizi, halafu bado unaona taa upande wa pili. Mwaka 1966 Charles Kao, akifanya kazi Uingereza, ndiye aliyesema kwamba kinachomeza mwanga ni uchafu uliomo ndani ya kioo. Kioo kikisafishwa vya kutosha, kitabeba sauti na taarifa umbali mrefu. Alipewa Nobel ya fizikia 2009. Mwaka huohuo, mwezi wa saba, mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam. Njiani kila baada ya kilomita 80 au zaidi kidogo kuna mtambo wa kuupa mwanga nguvu upya, na ndani ya uzi mmoja hupitishwa rangi nyingi kwa pamoja, kila rangi na mzigo wake, bila kugongana. Kitonga hapo, kwenye mlima wa barabara ya Dar, malori yanasubiriana saa nzima. Mwanga hausubiri.

Turudi kwenye kazi. Fundi akachomeka laptopu yangu moja kwa moja kwenye swichi kubwa, yaani mashine ya kugawa mtandao, ile inayopokea faiba. Nikaanzisha kupakia saa 5 usiku, wanafunzi wengi wakiwa wameshalala au wamejifanya. Gigabaiti 180 zote zilifika Morogoro kwa saa moja na dakika kumi. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya megabiti 340 kwa sekunde, na ni kupakia, siyo kupakua. Hapo ndipo huduma hii inapozishinda za mtaani kwa mbali. Bando la simu limetengenezwa kwa mtu wa kupokea: atazame, asikilize, apakue. Mtafiti anatoa. Mimi natoa picha, jirani yangu wa maabara anatoa vinasaba vya mnyauko wa viazi, mwingine anatoa video za mihadhara. Faiba ya chuo inakwenda na kurudi kwa kasi ileile.

Msimamizi aliandika ujumbe saa sita na nusu usiku. "Zimefika. Hakuna parachichi."

Jambo la pili la kusifu ni muda wa kuitikiwa. Nikiita seva iliyoko Dar, jibu linarudi kwa milisekunde 14 mpaka 17. Barabara ya Mbeya hadi Dar ni kilomita 830 hivi, na mwanga ndani ya kioo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata ungetandika uzi kando ya lami bila kituo, kwenda na kurudi ni milisekunde nane. Zinazozidi ni mizunguko ya njia na mashine za katikati. Kwa kazi yangu ni sawa na kukaa chumba kimoja na seva. Mkutubi wetu, mama mtu mzima, anakumbuka enzi za dishi la setilaiti. Setilaiti ile inakaa karibu kilomita 36,000 juu, ombi linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, karibu nusu sekunde imeshakwenda kabla hujaona herufi. Anasema walikuwa wakibonyeza ukurasa wa jarida halafu wanaenda kupanga vitabu rafu nzima ndipo warudi. Dishi bado lipo juu ya paa. Kunguru wamejenga.

Leo yuleyule mama anawafungulia wanafunzi wa kilimo majarida ya AGORA, ule mpango wa FAO wa tangu 2003 unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kilimo bure au kwa bei ndogo, na kurasa zinafunguka kabla hajamaliza kuwaambia wanyamaze.

Halafu kuna eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi, na hii sikuitegemea. Mwezi wa nane nilikwenda Nairobi kwa warsha ya siku tatu. Nimeshuka kwenye gari mbele ya geti la chuo kimoja, sina laini ya Kenya, sina shilingi ya Kenya zaidi ya nauli, simu ikalia mfukoni. Ujumbe kumi na moja. Nilidhani nimeibiwa kitu. Kumbe simu ilitambua jina la eduroam hewani, ikajitambulisha kwa anwani yangu ya chuo cha Mbeya. Mtandao wa kule ukauliza nyumbani kwetu kama huyu mtu ni wenu, nyumbani wakajibu ndiyo ni wetu, mpe maji. Yote kwa sekunde chache, na nywila yangu haikukabidhiwa kwa wale wenyeji. Mfumo ulianzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, sasa uko nchi zaidi ya 100. Ukiwa mwanafunzi unayesafiri, hiki kitu kimoja kinatosha kukufanya uvumilie mengine yote. Angalizo: unganisha kwanza ukiwa nyumbani, jaribu, hakikisha inashika. Mwenzangu aliahirisha, akashinda Nairobi siku tatu anaomba nywila ya hoteli.

Sasa mabaya.

Kile nilichokipata kwenye chumba cha seva hakipatikani kwenye meza yangu. Kati ya faiba na laptopu yangu kuna jengo, na jengo letu lina swichi ya zamani sana, kabla sijaanza sekondari, yenye uwezo wa megabiti 100 tu, imegawiwa vyumba vyote vya ghorofa mbili. Waya unaopita darini ulitafunwa na panya. Fundi alinionyesha: alama za meno kabisa. Ndiyo hizo megabiti sita. Faiba inakuja kutoka bahari ya Hindi, inapanda Kitonga, inapita Iringa, Mafinga, Makambako, inateremka Uyole, inaingia getini salama salimini, halafu inakwama mita 80 kutoka kwenye kiti changu kwa sababu ya panya na ya mtu ambaye hajasaini karatasi ya kununua waya. Niliandika barua mwezi wa tano. Nimeandika nyingine mwezi wa tisa. Nilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, na naamini kuna mahali kweli linafanyiwa kazi, pengine na panya haohao.

Waifai ya hosteli naipa nyota moja, na hiyo ni kwa huruma. Kisanduku kimoja cha kurushia mawimbi kinahudumia korido nzima. Siku Simba anacheza na Yanga, usijisumbue. Hata ukurasa wa kuingilia haufunguki. Mwaka jana nilikuwa na kikao cha mtandaoni na msimamizi saa 11 jioni, nikasahau tarehe ile ni ya mechi; sura yake iliganda mdomo wazi dakika nne, na kutoka chumba cha jirani nikasikia goli limeingia kabla yeye hajamaliza neno "mbinu". Huduma nzuri ingeweka kipaumbele kwa kazi za masomo saa za kazi. Fundi anasema mashine yao inaweza kufanya hivyo. Anasema pia kwamba siku aliyojaribu, serikali ya wanafunzi ilikuja ofisini.

Umeme. Uzi wenyewe hauhitaji umeme, lakini mitambo ya njiani na mashine za ncha zote mbili zinahitaji. Umeme ukikatika, betri za akiba kwenye chumba cha seva zinashikilia dakika 20 hivi, jenereta inatakiwa kuwaka, na jenereta ina tabia zake asubuhi za baridi. Mwezi wa sita na wa saba, Mbeya ile ya kutoa moshi mdomoni, nimeona mlinzi akiibembeleza kama ng'ombe mgonjwa. Na hata seva zikiendelea, vile visanduku vya hosteli vimeshazima, kwa hiyo intaneti ipo lakini haipo.

Na kukatwa. Mara moja ndani ya miezi tisa uzi ulikatwa kabisa, mahali fulani njiani, na katapila lililokuwa linachimba mtaro. Chuo kizima kilikaa gizani kimtandao kwa saa tisa. Siwezi kumlaumu aliyeukata kuliko ninavyolaumu mpango: tuna njia moja tu ya kutokea. Ingekuwepo ya pili, hata nyembamba, inayozunguka kwingine, barua pepe zingepita. Siku ile nilishuka Mwanjelwa kununua bando, nikawakuta wahadhiri wawili kwenye foleni ileile, kila mmoja anajifanya hamwoni mwenzake.

Matengenezo nayo ni kitu cha kutazama. Nilimsindikiza fundi siku nyingine walipounga uzi uliopasuka ndani ya eneo la chuo. Wanavua koti, wanasafisha kioo kwa spiriti, wanakikata kwa kisu maalumu kikatike bapa, kisha mashine ndogo inazikutanisha ncha mbili kwenye skrini, zikiwa zimekuzwa kama magogo, na cheche ya umeme inaziyeyusha ziwe kitu kimoja. Kosa la nywele, mwanga unamwagika. Mvua ilikuwa inanyesha, wameshikilia turubai juu ya mashine, wao wenyewe wameloa. Nilimwambia, "Ndaga fijo." Akacheka, akasema ni mara ya kwanza mtumiaji anamshukuru, wengine humpigia akiwa tayari yuko shimoni.

Bei sitaisema sana kwa sababu sisi wanafunzi hatulipi moja kwa moja. Chuo kinalipa, nasi tunalipa ada. Ila ukilinganisha na bando ambalo ningehitaji kupakia mzigo wangu wa muhula mmoja, hakuna mjadala.

Kama wewe ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza unayekaa hosteli na unachotaka ni kupakua vitabu na kupiga gumzo, hutaona tofauti kubwa na ulichokizoea mtaani, na utakuwa sahihi kulalamika. Kama una data nzito, au unashirikiana na watu wa Iringa, Morogoro au ng'ambo, mtafute fundi wa chuo chako, usimtafute kwa simu, nenda kantini. Muulize swichi ya jengo lako ina uwezo gani. Muulize kama unaweza kupata waya kutoka swichi kubwa hata mara moja kwa wiki. Watafiti wengi niliozungumza nao hawajui kwamba jambo hilo linawezekana, bado wanatuma diski kwa basi, na naamini kuna mtu Dar anaendelea kupokea vitu ambavyo si parachichi.

Wiki ijayo narudi Kikondo, mvua zimeanza na ukungu unakuja. Safari hii nitapiga picha mara sita badala ya nne. Nimeshaomba ufunguo wa chumba cha seva kwa saa nane usiku, fundi amekubali. Ameniambia nije na koti.